Uchungu Hauna Kafyu

Usiku wa tarehe 14 Mei 2020, mwendo wa saa nne na robo, dada yangu aliniamsha kwa kunivuta kidole cha mguu. Nilikuwa nimelala kwenye godoro sakafuni, yeye kitandani, kwenye keja yake ya chumba kimoja huko Kayole.

"Nadhani imeanza," akasema.

Nikaketi. Akaweka mkono kiunoni, akakodolea ukuta macho kama mtu anayesikiliza simu yenye mtandao mbaya. Dakika zikapita. Kisha akasema, "Ama haijaanza. Sijui."

Kama hukuwa Eastlands mwezi huo, sijui nikueleze vipi ule ukimya. Kayole bila mathree, bila muziki, bila msee wa smokie. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi: saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Siku chache baadaye, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao Kiamaiko. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuambiwa akae ndani. Namba ya msee wa boda nilikuwa nayo, na alishaniambia kwamba usiku atakuja kwa elfu moja mia tano, halafu akaongeza, "lakini tutaona."

Kwa hiyo tukangoja. Maumivu yalikuja, yakaenda, yakarudi, yakapotea. Kufika saa sita dada alikuwa anakoroma. Mimi sikulala. Niliketi pale nikihesabu vitu ambavyo sikuvijua: kama ile ilikuwa leba au si leba, kama ingerudi saa nane au wiki ijayo, na kama ingerudi, tungetoka vipi.

Hilo ndilo tukio la kwanza katika hadithi hii, na ndani yake hakuna kilichotokea. Naona ndivyo hadithi nyingi za kuzaa zinavyoanza, ila watu huruka sehemu hiyo wanaposimulia.

Nieleze nilifikaje pale. Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, nikisomea historia. Katikati ya Machi vyuo vikafungwa, hosteli zikafungwa, nikabeba begi nikaja kwa dada. Vyuo vilipofunguliwa tena sikurudi. Kulikuwa na karo ya muhula wa nyuma na hakukuwa na doo. Shemeji alikuwa Mombasa kikazi, na tangu mapema Aprili Nairobi na Mombasa zote zilikuwa zimefungwa, huingii hutoki. Kwa hiyo mwanamume wa pekee kwenye ile nyumba nilikuwa mimi, miaka 23, sijui lolote kuhusu uzazi isipokuwa zile sinema ambazo maji yanamwagika na watu wanaanza kupiga kelele.

Nilichokuwa nacho ni tarehe. Kwenye kitabu cha kliniki cha dada, kwa kalamu ya bluu, paliandikwa 17 Mei. Nikaishikilia ile tarehe kama tiketi ya basi.

Nilimuuliza dada ilitoka wapi. "Nesi aliniuliza mara ya mwisho niliona siku zangu lini. Nikamwambia 10 Agosti. Akazungusha kigurudumu cha karatasi." Basi.

Kile kigurudumu kina babu yake. Anaitwa Franz Karl Naegele, daktari wa uzazi wa Heidelberg, Ujerumani, aliyefariki 1851. Kwenye kitabu alichowaandikia wakunga mwaka 1830 kuna kanuni ambayo bado inabeba jina lake: chukua siku za hedhi ya mwisho, rudi nyuma miezi mitatu, ongeza siku saba. Agosti 10 inarudi Mei 10, ukiongeza saba unapata Mei 17. Ndivyo nesi wa Kayole na daktari wa Heidelberg wanavyopata jibu moja. Jumla yake ni karibu siku 280, yaani miezi kumi ya siku 28.

Naegele mwenyewe alikuwa anafuata wazo la Herman Boerhaave, profesa wa Leiden, Uholanzi, aliyekufa miaka karibu mia moja kabla ya kitabu hicho. Na wanaosoma maandishi yake bado hubishana alikusudia tuanze kuhesabu kutoka siku ya kwanza ya hedhi au ya mwisho. Hiyo tofauti peke yake inaweza kuwa siku nne, tano. Tena hesabu yenyewe inachukulia kwamba kila mwanamke ana mzunguko wa siku 28, kama mashine.

Sasa, hiki ndicho kitu ambacho hakuna aliyeniambia: katika kila watoto 100, ni 4 au 5 tu wanaozaliwa siku iliyoandikwa. Waliobaki wanakuja kabla au baada. Wiki ya 37 ni sawa, wiki ya 41 ni sawa. Tarehe ni katikati ya dirisha pana la karibu mwezi mzima, lakini kwenye kitabu inaandikwa kama miadi ya daktari wa meno.

Skani imesaidia, sikatai. Tangu Ian Donald na wenzake wa Glasgow walipochapisha picha zao za kwanza mwaka 1958, mashine hiyo imekuja kuwa njia bora ya kujua umri wa mimba, hasa ikipigwa mapema. Lakini skani inakwambia mimba ina umri gani. Haikwambii itaisha lini.

Tarehe 17 Mei ikafika. Ilikuwa Jumapili. Dada aliamka, akafua, akapika chapati, akakasirika. Simu yake haikunyamaza. Mama mkwe, marafiki wa kazini, watu wa chama, kila mtu na swali lile lile: "Bado?" Jioni akaizima simu.

Nilianza kusoma usiku huo, nikiwa na bando la shilingi hamsini, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya na mikono yangu. Nilitaka kujua ni nani aliyeanza kuuliza "bado?"

Nikagundua kwamba waliotaka kuijua siku hiyo kwa hamu kubwa hawakuwa kina mama pekee. Walikuwa pia mahakimu.

Chukua London, miaka ya 1820. Bunge la Mabwana linasikiliza kesi ya cheo cha familia ya Gardner. Nahodha wa jeshi la majini aliagana na mkewe mwisho wa Januari 1802, akaenda baharini, akarudi Julai. Mtoto akazaliwa tarehe 8 Desemba. Ukihesabu kutoka Januari, mimba ilikuwa ya zaidi ya siku 310. Ukihesabu kutoka Julai, ilikuwa ya miezi mitano. Na huyo mke alikuwa na mtu mwingine. Madaktari wakaitwa wakaapa na kuulizwa: mimba inaweza kukaa siku ngapi? Hawakukubaliana. Wengine walishikilia 280 kama ukuta, wengine walisema wameshuhudia zaidi. Mwishoni mtoto akakosa cheo. Kwa maneno mengine, jibu la "lini" lilikuwa linaamua nani ni mtoto wa nani na nani anarithi nini.

Sheria ya Kiislamu ilikutana na swali hilo hilo karne nyingi kabla, na ikalijibu kwa moyo mwingine. Muda mfupi kabisa wa mimba uliwekwa kuwa miezi sita. Muda mrefu kabisa ulitofautiana kwa madhehebu: Hanafi walisema miaka miwili, Shafii, ambao ndio wengi katika pwani yetu kuanzia Lamu hadi Zanzibar, wakasema miaka minne. Mara ya kwanza nilicheka. Miaka minne? Kisha nikafikiria ni nani aliyekuwa analindwa. Mjane, au mke aliyeachwa, mwenye mtoto ambaye hesabu zake hazitoshi. Wanasheria wale waliposhindwa kuijua siku kwa hakika, walimwachia mama nafasi kubwa ya shaka, na shaka ikamfunika. Misri ilipunguza muda huo hadi siku 365 kwa sheria ya 1929, baada ya kusikia maoni ya madaktari.

Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba kutojua ni upungufu ambao sayansi inakuja kuufuta polepole. Usiku ule nikaanza kuona kwamba swali zito ni jingine: mkishindwa kujua, nani analipa?

Basi nani anaamua siku? Maandishi ya kitabibu ya Ugiriki ya kale, yale yanayohusishwa na Hippocrates, yalisema ni mtoto: chakula kikishaanza kumpungukia tumboni, anarusha mikono na miguu hadi anapasua chupa na kutoka. Unaweza kulicheka na hilo. Lakini miaka ya 1960, huko New Zealand, daktari aitwaye Graham Liggins alikuwa anauliza swali hilo hilo kwa kutumia kondoo. Aligundua kwamba ukiharibu tezi fulani ndogo kwenye ubongo wa mwanakondoo akiwa bado tumboni, kondoo mama hazai. Siku zinapita, mimba inaendelea tu. Na ukimpa mwanakondoo homoni za aina ile ambayo mwili wake ungetengeneza wakati ukifika, uchungu unaanza mapema. Kwa kondoo, basi, mtoto ndiye anayepiga kengele.

Kwa binadamu mambo yamekuwa magumu zaidi. Mtoto anahusika, kondo la nyuma linahusika, mwili wa mama unahusika, na mpangilio wake kamili bado unachunguzwa. Lakini utafutaji wa Liggins haukwenda bure. Aliona kwamba wanakondoo waliozaliwa mapema baada ya kupewa homoni zile walipumua vizuri kuliko alivyotarajia. Mwaka 1972 yeye na mwenzake Ross Howie wakachapisha matokeo ya jaribio kwa kina mama, na ndiyo asili ya ile sindano anayodungwa leo mama anayetishiwa kuzaa kabla ya wakati, ili mapafu ya mtoto yakomae haraka. Hakupata jibu la "lini". Alipata njia ya kumsaidia mtoto anayekuja wakati usiotarajiwa. Shikilia hiyo tofauti, nitairudia.

Tarehe 19 Mei maumivu yalirudi na safari hii yalikaa. Yalianza saa saba usiku, mgongoni, kila dakika kumi hivi. Dada alitokwa na ute wenye damu. Tulihesabu pamoja kwa simu yangu hadi saa kumi na moja kamili, kisha boda akatupeleka hospitalini, mimi nikifuata kwa miguu nikikimbia kwa sababu pikipiki haikuruhusiwa kubeba zaidi ya mtu mmoja.

Nesi alimpima. "Sentimita mbili," akasema, wala hakuwa mkali. "Bado, mama. Nenda nyumbani, tembea, kula. Urudi uchungu ukishika vizuri."

Dada alilia kwenye ngazi za hospitali. Hakulia kwa maumivu. Alisema, "Mwili wangu umenidanganya."

Haukumdanganya. Nataka kulisema hili kwa yeyote aliyewahi kurudishwa kutoka mlangoni. Ile mikazo ya mapema ilielezwa mwaka 1872 na daktari Mwingereza, John Braxton Hicks, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Yeye aliiona kuwa kitu cha kawaida, tumbo la uzazi likikaza na kulegea kwa wiki nyingi za mimba. Ni sisi tuliokuja kuiita "uchungu wa uongo", kama vile mama ndiye mwongo. Na ile aliyoipata dada tarehe 19, yenye ute wa damu na mlango uliofunguka sentimita mbili, haikuwa hata ya uongo. Ilikuwa mwanzo. Tatizo ni kwamba mwanzo hauna kipimo.

Simaanishi hilo kwa lugha ya mashairi. Mwaka 1954, Emanuel Friedman wa New York alianza kuchora leba kwenye grafu: muda huku, sentimita kule. Mchoro wake una sehemu ndefu iliyolala kabla mstari haujapanda. Sehemu hiyo iliyolala ndiyo awamu ya kwanza, ile ya maumivu yanayokuja na kwenda. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa 2018 lilisema wazi kwamba awamu hiyo haina muda wa kawaida uliothibitishwa. Inatofautiana sana kati ya mwanamke na mwanamke. Mwongozo huo huo ukahesabu leba yenyewe kuanzia sentimita tano. Miaka zaidi ya 60 ya kuchora, na mwanzo bado ni wa kila mtu kivyake.

Kwa hiyo nesi hakukosea kwa kitabu. Mama akilazwa mapema mno, watu huanza kuona leba yake "imechelewa", na hapo dripu na kisu hukaribia bila sababu. Nenda nyumbani ni ushauri mzuri. Ila una sharti ndani yake ambalo halisemwi: uwe na nyumba iliyo karibu, na njia ya kurudi.

Aliyelielewa sharti hilo alikuwa kwenye bara letu. Mwishoni mwa miaka ya 1960, kule Salisbury, mji tunaouita Harare leo, Hugh Philpott alikuwa anafanya kazi katika mfumo ambao wakunga wa kliniki za pembeni walizalisha kina mama wengi, na hospitali moja kubwa ikapokea walioshindikana. Wengi walifika wakiwa wamechelewa. Mwaka 1972 yeye na mwenzake Castle wakachapisha grafu yenye mistari miwili. Wa kwanza ni mstari wa tahadhari: unapanda sentimita moja kwa saa, ukiwakilisha wale wanaoenda polepole zaidi kati ya waliozaa vizuri. Wa pili ni mstari wa hatua, saa nne mbele yake.

Ziangalie tena hizo saa nne. Kwa nini nne? Kwa sababu mama yuko kliniki ndogo na hospitali iko mbali. Ukivuka mstari wa kwanza, mkunga anajua ni wakati wa kutafuta gari. Nafasi iliyo kati ya mistari ile miwili ni barabara. Philpott hakujifanya kuwa anajua mtoto atatoka saa ngapi. Aliweka safari ndani ya grafu.

Februari 1987 wajumbe kutoka nchi nyingi walikutana hapa Nairobi kwenye mkutano uliozindua mpango wa Uzazi Salama. Wakati huo ilikadiriwa kwamba wanawake nusu milioni walikuwa wanakufa kila mwaka kwa sababu za uzazi. Kutokana na mpango huo ile grafu, tunayoiita patografu, ikasambazwa duniani kote. Ukienda leba wodi yoyote Kenya utaikuta, au utamkuta mrithi wake. Mwongozo wa 2018 ulikiri kwamba sentimita moja kwa saa ni kasi ambayo wanawake wengi hawaifikii na bado wanazaa salama. Mstari ukalegezwa. Barabara ikabaki pale pale.

Tuliporudi nyumbani ile asubuhi nilimpigia Shosho, Murang'a. Shosho huniita mume wake, kama shosho wengi wa kwetu.

"Mzee wangu," akasema, "tumbo limeshuka?"

"Sijui, Shosho. Linaonekana kubwa tu."

"Na usiku nani analala hapo?"

"Ni mimi."

Akanyamaza. "Wewe na nani mwenye gari?"

Hakuniuliza tarehe. Nilimwambia ilikuwa imepita siku mbili, akasema "ehe" kama mtu aliyeambiwa bei ya sukari Nakuru. Kisha akanisimulia kitu ambacho miaka yote mitatu ya kusomea historia sikuwahi kukisikia.

Shosho alizaliwa 1955. Kwenye kitambulisho ni mwaka tu, hakuna mwezi wala siku. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, na kuanzia katikati ya 1954 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa Kikuyu, Embu na Meru kwa nguvu, ikawatia kwenye vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na miti iliyochongwa ncha. Vilikuwa vijiji zaidi ya 800, watu zaidi ya milioni moja. Mchana kina mama walifanyishwa kazi za lazima. Jioni ilikuwa kafyu. Kijiji kikiadhibiwa, kafyu iliweza kuwa ya saa 23 kati ya 24.

Hayo nilikuwa nimeyasoma. Niliwahi kuyajibia mtihani. Sikuwahi kujiuliza hata siku moja: kwenye kafyu ya saa 23, uchungu ukimshika mtu usiku, inakuwaje?

"Mama yangu alikuwa na mimi tumboni," Shosho akasema. "Mkunga alikaa nyumba ya nne kutoka kwetu. Nyumba ya nne, mzee wangu. Lakini usiku hiyo ni mbali kama Nairobi. Sasa mkunga akasema, siku hatuijui, basi nitahamia. Akahamia. Akalala kwetu siku kumi. Chakula hakikuwepo, walikula hicho kidogo pamoja. Siku ya kumi nikaja."

Siku kumi. Mwanamke mzima ameacha nyumba yake, watoto wake na chakula chake, akaenda kulala sakafuni kwa mwenzake, kwa sababu kitu pekee kilichojulikana kwa hakika ni kwamba siku haijulikani.

Wataalamu wana jina la hicho alichokifanya. Zimbabwe, Ethiopia na kwingineko kuna nyumba za kungojea zilizojengwa kando ya hospitali, mama anakuja wiki za mwisho anakaa hapo. Na mwaka 1994 watafiti wawili, Serene Thaddeus na Deborah Maine, walieleza vifo vya kina mama kwa njia ambayo bado inafundishwa: kuna ucheleweshaji wa aina tatu. Kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Kenya ilipoondoa ada za kujifungua kwenye hospitali za umma Juni 2013, iligusa ucheleweshaji wa kwanza. Wa pili uliachiwa boda. Halafu 2020 tukaupigia kufuli kuanzia saa moja jioni.

Waliokuwa wodini waliliona hilo mapema. Aprili 2020 Dkt. Jemimah Kariuki, aliyekuwa anasomea udaktari wa uzazi Nairobi, aligundua usiku wodi zinakuwa tupu na asubuhi kina mama wanaingia wakiwa hali mbaya. Uchungu haukuwa umeacha kuanza usiku. Watu ndio walioacha kutoka. Akaanza kuwatafutia usafiri, na hapo ukazaliwa mpango wa Wheels for Life: wakati huo ulikuwa unapiga 1195 bure, unaongea na daktari, ukihitaji gari unaletewa. Nikiifikiria, naona ni mkunga wa Shosho yule yule, safari hii ana simu.

Baada ya kuongea na Shosho nilifanya vitu viwili. Kwanza niliandika 1195 kwa makapeni nyekundu juu ya kalenda, nikaifunika ile 17 Mei. Pili nikaenda kugonga mlango wa jirani wa ploti aliyekuwa na Probox ya kubeba mboga. Wabeba chakula waliruhusiwa barabarani usiku. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, hata bei. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kwani ulikuwa unangoja nini kuniambia? Nitaacha simu wazi." Tangu usiku huo akaanza kuegesha gari likitazama lango.

Sikulala vizuri zaidi, lakini nililala.

Nilijifunza pia ni nini hakingojwi, na nakiandika hapa kwa sababu kuna msee atakisoma akiwa ameketi gizani kama mimi. Maji yakitoka, nendeni. Damu ikitoka kama ya hedhi au zaidi, nendeni. Mtoto akipunguza kucheza, nendeni, hata kama ni saa nane na hata kama mlirudishwa jana. Kichwa kikiuma sana na macho yakaona ukungu, nendeni. Mengine mengi ni kuhesabu, kunywa chai na kuvumilia "bado?" za watu.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei, saa nane na dakika kadhaa, nilisikia kishindo kidogo kama cha puto, kisha dada akasema kwa sauti tulivu kabisa, "Sasa hii ni yenyewe." Godoro lilikuwa limelowa. Hakuuliza mimi naonaje. Hakukodolea ukuta. Baada ya wiki mbili za sijui, alijua.

Jirani alipokea simu kabla haijalia mara ya pili. Tulimlaza dada nyuma, juu ya magunia ya sukuma. Kwenye kizuizi cha barabarani karao alitumulika tochi, mimi, dereva, kisha nyuma. Tochi ikakaa pale sekunde chache. "Pita," akasema. "Pita haraka."

Msichana. Saa tatu asubuhi, siku tisa baada ya tarehe.

Shosho alipopigiwa aliuliza ana uzito gani, kisha akauliza jirani anaitwa nani, ili amwombee.

Huyo msichana sasa yuko shule na anabishana na kila mtu. Na dada ana mimba tena. Mwezi uliopita alinitumia picha ya kitabu cha kliniki, ukurasa wenye tarehe, akaweka na vicheko. Sikuinakili popote. Nilimuuliza yule jirani wa Probox alihamia wapi. Akasema Njiru, hana namba yake.

Kwa hiyo Jumamosi naenda Kayole. Nataka kuzunguka ploti nione ni nani ana gari siku hizi.